Pima Kila Jumamosi

Mtaa mzima ulimwita Mama King'ora, na jina alilipata kwa haki. Kabla ya kubuni kile kidude kilichomletea wateja, alikuwa ametengeneza vingine vya kupiga kelele mpaka majirani wakamjia mlangoni na fagio mkononi. Kulikuwa na cha kwenye mkoba, kilicholia chenyewe ukiukalia mkoba. Kulikuwa na cha mlangoni, kilichomtisha paka wa nyumba ya pili akahama na hajarudi hadi leo. Vyote alivitupa. Kelele haimsaidii mtu, aliamua. Mwenye nia mbaya anakuziba mdomo, na waliosikia wanafunga madirisha.

Kidude kipya hakikutoa sauti kabisa. Kilikuwa cheusi, kidogo kama kidole gumba, cha kuvaliwa shingoni kwa kamba, ndani ya nguo. Ukikibonyeza mara mbili upesi, kinatuma ujumbe kwenye simu ya mtu mmoja: niko mahali fulani, njoo. Kisha kinaipiga simu hiyohiyo, mtu asije akasingizia kwamba ujumbe hakuuona.

Mtu mmoja, si wawili. Hapo ndipo alipogombana na Maganda, mshirika wake. Maganda ndiye aliyemimina plastiki na kusugua maganda ya vidude hadi yakawa laini, na jina lake lilitoka huko. Mwili mkubwa, sauti kubwa, vidole vyembamba kama vya mshona shanga.

"Weka namba tatu, dada," alisema. "Mmoja akilala, mwingine yuko macho."

"Ukiweka watatu, kila mmoja atadhani wenzake wameshakwenda. Mama yako alipoanguka bafuni, mlikuwa wangapi kwenye lile kundi lenu la simu?"

"Ukoo mzima."

"Akainuliwa na nani?"

Maganda akajikuna shingo. "Na msoma mita ya maji."

"Basi. Anayeitwa peke yake hana wa kumsukumia."

Ikawa namba moja. Anayenunua ndiye anayetaja namba, Mama King'ora anaiingiza mezani pake kwa waya wa kompyuta, anafunga ganda, kazi imekwisha. Na kwa kuwa kitu cha dharura kikikaa bila kutumika huwa kinakufa kimyakimya, alichapisha maneno juu ya kila boksi kwa herufi nene: PIMA KILA JUMAMOSI. Bonyeza mara mbili, uone kama simu uliyoichagua inaita. Nusu dakika tu. Wateja walipokuja kubadilisha betri aliwauliza, "Mnapima?" Wakawa wanatazama dari. Hakuna aliyepima. Mwisho akaacha kuuliza, na yale maneno ya kwenye boksi akayazoea kama mtu anavyozoea doa ukutani.

Mteja wa kwanza kabisa alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake.

Alikuwa msimamizi wa ghala la vipuri, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka mikono inakata, asiyepita mahali bila kusalimia. Siku ile aliingia karakana akiwa amebeba soda tatu, moja ya Maganda, moja ya Mama King'ora na moja yake.

"Shemeji, nasikia umeacha kutupigia kelele," alisema. "Tumeanza kulala."

"Umekuja kununua au kunizibia mlango?"

"Kununua. Nataka cha mke wangu. Anatoka kazini jioni, ile njia ya nyuma ya kiwanda siipendi. Weka namba yangu."

"Unayo simu inayoshika chaji, au ile ya kupigapiga mezani?"

"Shemeji! Mimi mtu wa ghala. Kila kitu changu kinahesabiwa na kupimwa." Aliligeuza boksi, akasoma. "Pima kila Jumamosi. Safi kabisa. Nitapima kila Jumamosi."

"Ukipima utakuwa wa kwanza duniani," alisema Maganda, na wote wakacheka.

Mama King'ora aliingiza namba kwa mkono wake mwenyewe. Baadaye aliukumbuka sana mkono ule. Aliukumbuka ulivyokuwa mwepesi, na furaha aliyokuwa nayo kwamba mdogo wake ana mume anayeogopa njia ya nyuma ya kiwanda.

Mvua zilikuja zikaisha. Vidude vikauzwa kwa wauguzi wa zamu, kwa wasichana wa chuo, kwa mzee mmoja aliyekuwa akianguka kifafa. Mhudumu mmoja wa kituo cha mafuta alibonyeza akaokolewa na kaka yake, na habari hiyo ikatembea. Kwa mara ya kwanza Mama King'ora alijiona si kichekesho. Alikuwa amekaa asubuhi nzima akichora umbo la kidude cha kuvaa mkononi, mdogo wake alipoingia.

Alikuja mchana, saa ambayo angetakiwa kuwa kazini. Akakaa kwenye stuli. Akapewa kikombe cha chai, akakipokea kwa mkono wa kushoto.

"Wewe tangu lini unatumia kushoto?"

"Nimelalia mkono." Akaivua kamba shingoni, akaweka kidude mezani. "Nimekuja kukurudishia."

"Kimeharibika?"

"Hapana. Kinafanya kazi sana." Alikitazama kile kidude kama mtu anavyomtazama mdudu bila kujua kama amekufa. "Nilibonyeza, akaja."

"Nani alikusumbua? Pale nyuma ya kiwanda?"

Maganda, aliyekuwa akisugua ganda pembeni, aliacha kusugua.

"Nilikuwa jikoni," alisema mdogo wake. "Nyumbani. Alikuwa amenishika hapa." Hakuonyesha ni wapi. "Nikaona mkono mmoja uko huru. Nikabonyeza mara mbili kama ulivyonifundisha. Sijui nilikuwa nafikiria nini, dada. Nilifikiria wewe. Simu ikalia mfukoni mwake. Akaniachia, akaitoa, akasoma. Akanionyesha kioo cha simu. Akasema, 'Umeniita? Nipo.'"

Nje gari lilipita, vioo vya dirisha vikatikisika.

"Kisha?"

"Kisha akaendelea."

Mama King'ora alinyanyuka, akazunguka meza, akarudi akakaa. Alichokiona kichwani ilikuwa ile njia ya nyuma ya kiwanda: taa mbovu, ukuta, mtu asiyejulikana akitoka kizani. Kila kidude alichokibuni maisha yake yote alikibuni kwa ajili ya huyo mtu. Kila betri, kila waya. Na huyo mtu hakuwepo. Aliyekuwepo alileta soda.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mtoto."

"Na hukuniambia!"

"Ungekuja ukapiga kelele, dada. Halafu ungeondoka, na mimi ningebaki."

"Twende polisi sasa hivi."

"Nilishakwenda. Wakaniuliza nimemkosea nini. Upande wake nao wamekaa kikao, wakala, wakanywa, wakaniambia nipunguze mdomo." Akatabasamu kidogo. "Mimi, dada. Mdomo. Wewe ndiye mwenye mdomo."

"Basi hurudi. Unalala hapa leo."

"Na mtoto? Yuko shule. Baba yake ndiye anayemchukua, kila siku, hakosi hata akiwa na homa. Na pale getini wameambiwa wasimtoe kwa mtu mwingine, hata kwangu. Wanamsifu mwalimu kwa mwalimu: baba mwenye kujali."

Maganda alisema taratibu, "Naomba nimfuate mimi. Kwa maongezi mafupi."

"Utamwambia nini, kaka? Utampiga, atalazwa, utafungwa. Akitoka hospitali anarudi nyumbani. Nyumbani ndipo nilipo."

Hapo Mama King'ora akafanya alichojua kufanya. Alikifungua kidude, akachomeka waya, akafuta namba ya shemeji yake na kuweka yake mwenyewe. Ilimchukua muda mfupi kuliko kupoza chai. Akafunga ganda, akamvisha mdogo wake shingoni kama alivyokuwa akimvisha sweta utotoni.

"Kwa macho ni kilekile," alisema. "Ukibonyeza, kinaniita mimi. Nakuja na Maganda na gari lake, tunakutoa wewe na mtoto. Simu yangu hailali. Umenielewa?"

"Una uhakika, dada?"

"Hii ndiyo kazi yangu."

Mdogo wake aligusa kile kidude juu ya nguo, akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa amekunywa chai yote, jambo ambalo Mama King'ora alilichukua kuwa dalili njema. Alipoondoka, Maganda alisema, "Kidogo nimepumua." Naye akasema hata yeye.

Kuanzia siku ile alitembea na simu kama mgonjwa anayetembea na dripu. Bafuni aliiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Sokoni aliishika mkononi. Ikilia na kumbe ni mteja, mteja alipata maneno ambayo hakuyastahili. Kimya nacho alikisoma kila namna. Kimya, maana yake mambo yametulia. Kimya, maana yake kamba imekatika. Alitamani ilie na aliogopa isije ikalia, na aliona aibu kwa yote mawili.

Ililia Jumamosi, mchana kweupe, akiwa anamenya viazi.

Ujumbe kwanza, kisha mlio. Mahali: nyumbani kwa mdogo wake. Alikiangusha kisu, akatoka na aproni yake. Maganda aliliwasha gari hata kabla hajaambiwa ni nini, akaendesha akipanda na kingo za barabara. Njiani Mama King'ora alipiga namba ya mdogo wake, ikaita bila kupokewa. Alikuwa amebeba bisibisi mkononi na hakujua aliichukua saa ngapi.

Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga.

Shemeji yake alisimama pale na shati lake la pasi. Kwa mkono mmoja alishika saa yake ya mkononi kama mtu anayepima mbio, na kwenye mkono wa pili kile kidude kilining'inia kwa kamba yake.

"Karibu, shemeji," alisema. "Umewahi. Sikutegemea kama utawahi hivi."

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Yuko ndani, anakunja nguo. Kwani kuna nini?" Akatabasamu. "Leo Jumamosi. Nilikuwa napima tu. Kila Jumamosi napima, kama ulivyoagiza, mke wangu shahidi. Nabonyeza mara mbili, simu yangu inalia, tunaendelea na siku. Leo nabonyeza, hailii. Nikasema, labda betri. Nikasema, ngoja nisubiri, nione ni nani atakayekuja."

Mama King'ora alikitazama kile kidude kwenye kamba. Mtu mmoja tu. Katika wateja wake wote, mtu mmoja tu ndiye aliyesoma boksi.

"Ni mimi niliyekosea," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Alikuja kubadilisha betri. Nilikuwa nimeunganisha namba yangu kwa majaribio, nikasahau kuirudisha."

"Wewe? Kusahau?" Alimtazama muda mrefu, bila hasira hata chembe, na hicho ndicho kilichotisha. "Hamna neno. Hata fundi ni binadamu. Ingia, ingia, jua kali."

Sebule ilikuwa safi kama ya kupigia picha. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi na rundo la nguo mapajani, akikunja blauzi ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Hakuinua macho. Mtoto, msichana wa darasa la pili mwenye pengo mbele, alimrukia mama mkubwa wake kiunoni.

"Mama mkubwa, umekuja na bisibisi!"

"Eh. Nimekuja kutengeneza."

"Nini?"

Shemeji akacheka. Alikiweka kile kidude juu ya meza, akakisukuma kwa kidole kimoja mpaka kikafika upande wa Mama King'ora. "Chukua tu, shemeji. Nadhani hatukihitaji tena. Siku hizi nitakuwa namfuata mwenyewe kazini. Au hata kazi yenyewe, tunazungumza kama ina faida. Si ndiyo, mama?"

"Ndiyo," alisema mdogo wake, kama anayeiambia blauzi.

Honi ya Maganda ililia nje, mara moja, ya kuuliza. Shemeji akachungulia dirishani. "Kumbe umekuja na jamaa yetu! Anakaaje nje kama mgeni?" Na kwa kuwa alikuwa mtu asiyepita mahali bila kusalimia, na majirani wawili walikuwa barazani wakitazama, alitoka kwenda kumpa mkono.

Mama King'ora akamwinamia mdogo wake. "Inuka. Twende. Sasa hivi, wote watatu."

"Kwa nini hukuifikiria Jumamosi?" Mdogo wake alinong'ona, mikono ikiendelea kukunja. "Ananivua kidude kila wiki, anabonyeza mbele yangu. Nilijua unajua. Wewe ndiye uliyeandika kwenye boksi. Nilisema, dada yangu atakuwa amelifikiria, ameweka kitu humo."

"Sikulifikiria."

"Basi."

"Inuka, nimesema."

"Nikitoka mimi, hatufiki kwenye kona. Na tukifika, kesho yuko kwako na wazee wake, anamdai mtoto, na watampa." Akainua uso kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa makavu, ya mtu aliyeshamaliza hesabu siku nyingi. "Lakini mbele ya watu hawezi kukataa. Mbele ya watu ni mtu mzuri sana. Nisaidie kusema, tu. Usiniharibie."

Hatua zilirudi mlangoni. Maganda alikuwa nyuma yake, akikumbatiwa begani, uso wake mkubwa umevimba kwa maneno aliyoyameza. Nyuma zaidi jirani mmoja alikuwa amesogea hadi kwenye ngazi kusalimia.

Mdogo wake alisimama. Sauti yake ilitoka nyepesi, ya nyumbani. "Baba, si nilikwambia dada alimwahidi mtoto kumchukua likizo hii? Ndiyo maana kaja na gari. Mimi nilisahau kukukumbusha, na yeye kasahau kusema, ndivyo tulivyo sisi dada wawili."

Shemeji alimtazama mkewe, akamtazama dada mtu, akamtazama jirani pale ngazini.

"Likizo," alisema.

"Nilimwahidi," alisema Mama King'ora. "Nimemwandalia na kitanda."

"Nakwenda kwa mama mkubwa!" mtoto alipiga kelele, akaanza kuruka.

"Bahati iliyoje!" alisema jirani. "Wa kwangu hakuna wa kumchukua hata kwa dakika."

Kitu kilipita usoni mwa shemeji, kidogo sana, kama ukurasa unaofunuliwa. Kisha akainama, akamrekebisha mtoto kola. "Umsikilize mama mkubwa. Usiguse waya zake." Akamgeukia mkewe. "Begi lake liko tayari?"

"Liko tayari," alisema mdogo wake.

Lilikuwa nyuma ya mlango wa chumba, limefungwa zipu, limesimama. Alimvisha mtoto mgongoni, akampapasa nywele, akamwambia apige mswaki pande zote mbili. Hakumkumbatia. Kama angemkumbatia, alisema Maganda baadaye, mambo yangejulikana. Kisha akarudi kwenye kochi na rundo lake la nguo, na mumewe akaja akasimama nyuma ya kochi, mikono miwili juu ya mabega yake, wakaaga wote wawili kama wanaopigwa picha.

"Jumamosi ijayo nitapiga simu," alisema shemeji. "Kujua kama mmefika salama."

Ndani ya gari mtoto aliongea njia nzima. Alisimulia jino, alisimulia mwalimu anayekoroma. Maganda alijibu "Ehe" na "Kumbe" mahali panapostahili, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani na alikuwa anaogopa asije akaligeuza gari. Mama King'ora alikishika kile kidude kwenye mfuko wa aproni. Kilikuwa bado na joto la mkono wa mtu.

"Mama mkubwa, mama atakuja lini?"

"Tunalifanyia kazi."

"Kwa bisibisi?"

"Kwa kila kitu."

Walipofika, viazi vilikuwa vimegeuka vyeusi kwenye sahani. Alimwosha mtoto miguu, akamkalisha kitandani, akafungua begi kutafuta nguo ya kulalia. Juu kulikuwa na magauni mawili ya likizo. Chini ya magauni kulikuwa na sare ya shule, imepigwa pasi. Chini ya sare, sweta la majira ya baridi, na baridi bado ilikuwa mbali. Na chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, kulikuwa na viatu vipya vyeusi vya shule.

Alivitoa, akavipima kwenye mguu wa mtoto. Kidole gumba cha Mama King'ora kiliingia chote kati ya kisigino na kiatu, na bado nafasi ikabaki.

"Vikubwa," alisema mtoto. "Mama amekosea saizi."

Mama King'ora alivishika mapajani. Mdogo wake alinunua viatu hivi lini, akavificha wapi, akavitazama mara ngapi?

"Hajakosea," alisema. "Vitakutosha mwakani."